Inapiga Stata, Haiwaki: Neema, Hamadi na Washa ya Kopa

HAMADI: Karibuni tena gereji ya hewani. Leo nina ratiba: moshi, upepo kwenye mafuta, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kisha taimingi, wakati wa mafuta kuingia silinda. Ila dada Neema kaingia mikono bado inanuka dizeli.

NEEMA: Ya tangu Jumatano, kaka. Lori la Bedford la zamani lililovalishwa injini ya Perkins 6.354. Imesafishwa fidi pampu, ile inayovuta mafuta kutoka tangini, imebadilishwa filta, basi. Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki.

HAMADI: Kwa msikilizaji mgeni: sita ni silinda, 354 ni inchi za ujazo, kama lita 5.8. Injini ya Peterborough, Uingereza, iliyoanza mwaka 1960. Moshi ulikuwaje?

NEEMA: Hakuna hata kidogo.

HAMADI: Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kushika spana. Mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma atazame bomba. Pasipo moshi, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe, yanafika ila hayaungui: stata inazunguka polepole, kompresheni imeshuka au taimingi imechelewa.

NEEMA: Na kwa moshi usiokuwepo, tazama kwanza waya wa stopu, ule wa kuzimia injini. Ukikwama nusu njia, leva ya stopu kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwa presha hadi nozeli za kunyunyizia silinda, hairudi mwisho, mafuta yanafungwa. Uchomoe waya, uirudishe leva kwa kidole. Jumatano leva ilikuwa sawa. Gari lilikuwa limevuta upepo.

HAMADI: Toa upepo basi, tukusikie.

NEEMA: Legeza skurubu ya juu ya filta. Piga pampu kwa leva ya mkono ya fidi pampu mpaka povu liishe, kaza dizeli ikiwa bado inatoka. Nenda pampu ya nozeli, hii ni ya aina ya CAV DPA: kuna skurubu ubavuni mwa bodi na nyingine juu ya nyumba ya gavana, kidhibiti mwendo. Fanya vilevile, ya ubavuni kwanza. Halafu legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata sekunde 10 hadi 15. Dizeli safi ikitoka, kaza. Stata ipumzike dakika nzima kabla hujarudia.

HAMADI: Na leva ya mkono ikiwa laini, haivuti kitu?

NEEMA: Watu wengi hapo wananunua fidi pampu mpya bure! Kemu, nundu ya kemshafti inayoendesha pampu, imesimama kileleni, imeshausukuma mkono wa pampu mpaka mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja tu. Kemshafti itakuwa imekwenda nusu, leva itapata nguvu.

HAMADI: Ikawaka?

NEEMA: Ikawaka, ikafa baada ya dakika mbili. Sasa tuje kwenye washa.

HAMADI: Nilijua. Wasikilizaji, kipindi hakipiti bila washa ya kopa, ile pete ya shaba inayoziba kiungio cha paipu.

NEEMA: Kwa sababu ndizo zinazolaza malori njiani! Kutoka tangi hadi fidi pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Pakiwa na uwazi, dizeli haidondoki nje, bali hewa inaingia ndani. Kwa hiyo fundi anapapasa kiungio, anakuta kikavu, anasema kizima. Kukauka kwake hakuthibitishi chochote upande huo. Baada ya fidi pampu ndipo uvujaji unaonekana.

HAMADI: Utaupataje, basi?

NEEMA: Weka dumu la dizeli juu kuliko injini, paipu yake ichomeke kwenye mdomo wa kuingilia fidi pampu, tangi liache. Toa upepo, washa. Injini ikiendelea kuwaka, ugonjwa uko nyuma, upande wa tangi: paipu, mpira uliopasuka au kiungio. Jumatano iliendelea kuwaka. Washa ya hapohapo mdomoni ilikuwa imetumika tena baada ya usafishaji.

HAMADI: Huwezi kuirudisha?

NEEMA: Unaweza. Kopa ikibanwa inakuwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo. Ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, inalainika. Kisha isugue kwenye msasa laini juu ya kioo, pande zote mbili. Lakini ikiwa imeshapata mfereji, tupa. Na usikaze kwa hasira, utaikata.

HAMADI: Dakika zinakwenda. Mimi kabla ya dumu ningepuliza etha, ile dawa ya kopo inayoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa, sekunde moja tu, stata ikizunguka. Ikipiga kidogo na kufa, najua kompresheni ipo, nifuate mafuta.

NEEMA: Hapana, kaka Hamadi. Injini hii ina Thermostart, hita ya kuwashia injini baridi, kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa. Ikiwa ya moto, etha inalipuka kabla hata ya kufika silinda.

HAMADI: Nachomoa waya wake kwanza, naacha ipoe.

NEEMA: Bado. Etha inashika moto mapema, pistoni ikiwa inapanda. Inavunja ringi. Moshi umeshakwambia mafuta hayafiki, unapima nini tena?

HAMADI: Moshi usiokuwepo haunielezi chochote kuhusu kompresheni. Siwezi kumwambia mwenye gari apeleke pampu kwa fundi pampu, alipe fedha nyingi, kumbe ringi zimekwisha.

NEEMA: Chomoa nozeli, weka geji ya kompresheni.

HAMADI: Geji yenye adapta ya Perkins, njiani kule Handeni?

NEEMA: Basi subiri ipatikane. Pistoni haipatikani Handeni pia.

HAMADI: Mimi nitaendelea kupuliza, kwa kipimo.

NEEMA: Kwenye gari langu hupulizi.

HAMADI: Haya. Kompresheni na taimingi hatukuzigusa, na muda umekwisha. Kuna swali la vali ya kupimia mafuta kukwama ndani ya DPA gari likilala miezi...

NEEMA: Hilo ni kipindi kizima. Moja tu: nati za nozeli zikiwa zimelegezwa, kaeni mbali na mdomo wa paipu. Dizeli ya presha inatoboa ngozi. Ikiingia, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.