Msajili wa Nairobi na Simu za London

Ndugu wafanyakazi, nimeombwa nieleze jinsi waliotutangulia walivyoipinga sheria ya mkoloni. Naanza na msajili wa vyama vya wafanyakazi, maana yeye ndiye aliyeshika mpini.

Mwaka 1930 Lord Passfield, Waziri wa Makoloni, aliwaandikia magavana waruhusu vyama vya wafanyakazi, ila visajiliwe kwa lazima. Kenya ikatunga sheria yake 1937. Ukiisoma harakaharaka utadhani ni hisani. Lakini chama kisichosajiliwa kilikuwa haramu, na wa kuamua ni ofisa wa serikali. Fred Kubai na Makhan Singh waliyaona hayo. Mei 1949 waliunda Kongresi ya Vyama vya Wafanyakazi ya Afrika Mashariki, wakanyimwa usajili. Mei 1950 wakakamatwa. Nairobi iligoma, na Makhan Singh hakuachiwa huru hadi 1961.

Wangelalamika wapi? Waafrika hawakuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria hadi 1957, na humo sauti ya walowezi, yaani waajiri wetu, ilikuwa kubwa. Basi njia ikawa London. Simu ya maandishi inatoka Nairobi, inafika TUC, shirikisho la wafanyakazi wa Uingereza. TUC inamtafuta mbunge wa Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi huko Uingereza. Mbunge anauliza swali bungeni. Waziri, akitaka jibu, anamgeukia gavana. Na gavana alikuwa na la kuogopa. Sheria ya maendeleo ya makoloni ya 1940 ilidai koloni linaloomba fedha za miradi liwe na sheria inayowezesha vyama kufanya kazi.

Njia hiyo ilipimwa kwelikweli mwaka 1956. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kikiwa kimepigwa marufuku, KFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya, lilibaki kuwasemea Waafrika waliokuwa wakikamatwa na kufukuzwa Nairobi. Serikali ikatishia kulifutia usajili kwa kosa la kuingilia siasa. Tom Mboya, katibu mkuu wake, alikuwa masomoni Oxford. TUC ilipoombwa msaada haikutosheka na barua: katibu mkuu wake, Sir Vincent Tewson, alipanda ndege akaja Nairobi mwenyewe.

KFL ikapona, kwa sharti kwamba ishughulike na mambo ya kazi tu. Wapo wanaoliita jambo hilo kusalimu amri. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayezuiwa kuingia mjini bila pasi, mshahara wake na siasa utavitenganisha kwa kipimo gani? Viongozi wale walijua mpaka huo haupo, wakatia saini ili ofisi isifungwe.

Machi 1957 Mboya alishinda kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Ukatibu mkuu wa KFL hakuuachia.