Saa Zako Nazo Ziandikwe Daftarini

Wamama, wababa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, jambo kwenu. Mmekuja hapa Katuba, Lubumbashi, na mvua hii yote, kwa hiyo sitazungusha maneno. Mliniomba niseme jinsi mtu anavyoweza kuwa na biashara ndogo inayoleta pesa na bado ikamfurahisha mwenyewe. Mimi ni mshonaji. Nina chumba kimoja katika komini ya Kenya ya mji wetu huuhuu, mashini nne, wasaidizi wawili na wanagenzi watatu. Nitasema yale niliyoyaona katika chumba hicho, na kabla ya hapo, yale niliyoyaona katika ua wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa chuma. Wengi wenu mlizaliwa katika nyumba kama yetu: mshahara wa kampuni, mfuko wa unga wa kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Tangu Union Minière, ile kampuni ya machimbo ya shaba, ilipoanzishwa mwaka 1906, hadi ilipochukuliwa na serikali na kuwa Gécamines, mji wetu ulizoea kwamba kazi ni kitu unachopewa. Kisha ukaja mwaka 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na karibu kila barabara ya mji huu ikapata mzee mwenye bahasha nene kuliko zote alizowahi kushika. Baba alikuwa mmoja wao.

Akanunua basi dogo. Alinunua kwa sababu majirani wawili walikuwa wamenunua. Baba hakupenda barabara, wala hakupenda kukaa mlangoni kila jioni akihesabiana na dereva. Basi likala springi, likala matairi, likala sanduku la gia, na mwaka wa tatu likasimama kando ya ukuta, kuku wakalala ndani. Lakini miaka hiyohiyo mitatu, kila Jumamosi, watu walikuwa wakibisha hodi kwetu. Huyu ana sufuria iliyotoboka, yule bawaba ya mlango imevunjika, mwingine kitanda cha chuma. Baba aliwatengenezea wote. Alikuwa akichomelea huku anaimba, nasi watoto tulijua kwamba siku hiyo nyumba ina amani. Hakuna aliyelipa, kwa maana hakuna aliyetajiwa bei.

Kazi aliyoipenda aliitoa bure, na kazi iliyomchosha roho ndiyo aliyoiita biashara. Alipoanza kutaja bei ya mlango wa chuma ilikuwa 2009, ana miaka 58, bahasha imekwisha siku nyingi. Milango yake ilikuwa mizuri, na watu walimlipa bila ubishi mwingi. Hadi leo ile miaka sita inaniuma.

Basi mimi nilipoanza kushona niliapa kwamba nitafanya ninachokipenda tu. Nikachagua nguo za maharusi. Nani asiyependa kumwona msichana akijitazama kwenye kioo halafu machozi yanamtoka? Nilipata sifa mpaka Kamalondo na Ruashi. Miaka miwili nilikuwa na wateja, nilikuwa na sifa, na kila mwisho wa mwezi nilikopa pesa za kodi kwa dada yangu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa na daftari. Niliandika kitambaa, dantela, shanga, uzi, na bei niliyolipwa. Kilichokosekana ni saa. Siku moja nilianza kuandika na saa, na ninawaomba mnifuate polepole hapa, maana ndiyo sehemu iliyobadilisha maisha yangu.

Gharama za chumba changu, yaani kodi, mafuta ya jenereta siku umeme umekatika, makaa ya pasi, ushuru na sindano, zilikuwa dola 160 kwa mwezi. Mimi na wasaidizi tulishona kwa jumla kama saa 400 katika mwezi. Gawanya: kila saa ya kushona inabeba senti 40 za chumba. Sasa chukua nguo ya harusi. Niliitoza dola 70. Vitu vya kununua vilikula 38. Ilichukua saa 30, pamoja na bi harusi kuja kupima mara nne na mama mkwe wake kubadilisha mikono mara mbili. Saa 30 zilibeba dola 12 za chumba. Zikabaki dola 20. Gawanya kwa saa 30: hazifiki senti 70 kwa saa.

Sasa chukua nguo za shule, ile bluu na nyeupe ambayo watoto wa Kongo nzima wanavaa. Mzazi analeta kitambaa. Sketi na shati ninatoza dola 6. Uzi, vifungo na zipu ni dola 1. Saa mbili, yaani senti 80 za chumba. Inabaki dola 4 na senti 20, ambayo ni dola 2 na senti 10 kwa saa. Mara tatu ya harusi! Nami nguo za shule nilikuwa nazifukuza, nikisema hizo ni kazi za wanaojifunza.

Msinisikie vibaya. Sikuja kuwaambia acheni mnachokipenda mkashone bluu na nyeupe hadi mzeeke. Usiku ule nilipomaliza kugawanya nililia, kisha nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: ndani ya nguo ya harusi, ninapenda nini hasa? Si kubishana bei. Si kushona shanga saa tisa usiku. Ninapenda kukata. Kitambaa kimelala mezani, kizima, mkasi uko mkononi, na nguo tayari ninaiona. Nikagundua kwamba furaha hiyo ninaipata pia nikikata sketi 40 za shule kwa mpango mmoja, kila kipande kikikaa pembeni ya kingine bila kupoteza kitambaa. Na ninaipata zaidi nikiwa na mwanagenzi anayeshika mkasi kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilipanga upya. Juni hadi mwanzo wa Septemba ni nguo za shule, tunakata kwa mafungu. Kabla ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ni vitenge vya wamama, na Desemba ni sikukuu. Harusi ninachukua mbili kwa mwezi, basi, na bei nimeipandisha hadi inalipa saa zake. Kupima mara mbili kumo ndani ya bei, ya tatu inalipiwa. Nilidhani wateja watanikimbia. Baadhi walikwenda, na ninawatakia heri. Waliobaki wanakuja kwa saa waliyopewa. Mlangoni nimemweka mtoto wa dada yangu, ambaye anapenda watu kuliko mimi ninavyopenda kitambaa. Yeye ndiye anayepatana bei, na anarudi nyumbani akiwa na nguvu, wakati mimi kazi hiyo ilikuwa inaniacha nimekauka.

Kazi mbaya si mchezo mwema, wanasema waliotutangulia, na ni kweli, kila kazi ina upande mchungu. Lakini mtu anayejua upande upi ni mchungu kwake anaweza kuupunguza, kuutoza bei, au kumpa mwingine ambaye kwake si mchungu. Asiyejua anaichukia kazi yote.

Sasa niseme juu ya mshahara wa mwenye biashara, kwa sababu hapa ndipo tunapojidhulumu, hasa sisi wamama. Msaidizi unamlipa. Kodi unalipa. Wewe mwenyewe unachota kwenye sanduku: leo unga wa bukari, kesho dawa, keshokutwa shemeji amefiwa huko Likasi. Siku ikiisha hujui kama biashara imepata hasara au kama ni jamaa iliyokula. Mimi sasa nina mshahara. Umeandikwa, unatoka tarehe 30, na nikiumaliza nimeumaliza. Ndugu wana mfuko wao mdogo, ninautenga kila wiki. Shemeji akija ninampa kutoka kwenye mfuko huo kwa moyo mweupe, na mfuko ukiwa mtupu ninamwonyesha kwamba ni mtupu. Mwanzoni walininung'unikia. Lakini kumkatalia ndugu ukiwa na sanduku lililojaa pesa za kitambaa cha mteja ni jambo linalovunja undugu, na kumpa pesa hizo kunavunja kazi. Mfuko umetuokoa sote.

Mashini yangu ya kufunga pindo niliinunua kwa likelemba. Tulikuwa wamama kumi, dola 20 kila mmoja kwa mwezi, na zamu yangu ilipofika nilishika 200. Wale wa kadi, wanaopita kila jioni kuchukua kiasi kilekile wakutunzie, kisha wanabaki na pesa ya siku moja kama malipo yao, wanafaa pia kwa anayeuza kila siku. Angalieni tu unampa nani. Na dola zenu zitunzeni zisipasuke hata kidogo pembeni, mnajua wenyewe noti ya namna hiyo inavyokataliwa sokoni.

Kuhusu sheria nitasema mawili. Kwanza, wamama mlioolewa: tangu sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987, huhitaji tena ruhusa ya mume ili ufungue biashara. Kupatana nyumbani ni vizuri, lakini karatasi ya ruhusa haidaiwi. Pili, nchi yetu iko katika OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria zake zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayejitangaza kwa tamko tu, bila usajili mkubwa. Na sheria hiyo inamtaka aandike, siku kwa siku, pesa iliyoingia na iliyotoka. Mnaona? Hata sheria inaomba daftari. Safu ya saa mtaichora wenyewe.

Nimeleta madaftari hapa mezani, na kalamu. Sitaki kusema zaidi kabla hatujahesabu kitu pamoja. Yuko mama pale mlangoni aliyekuwa akituuzia mandazi kabla hatujaanza. Mama, samahani, nimekuomba ruhusa mapema nawe ukakubali, njoo ukae hapa mbele. Wewe dada, shika kalamu, chora safu tatu: vitu, pesa, saa. Haya, mama, tuanzie alfajiri. Unaamka saa ngapi kukanda unga?