Jinsi ya kuchagua gari la kupiga kilometa nyingi kwa bajeti ndogo: tunakagua Toyota IST namba D (herufi za usajili zinaanza na D)

Habari za asubuhi. Tuko yadi, saa moja kasoro, na jana kwa simu tuliomba kitu kimoja tu: gari lisiwashwe mpaka tufike. Lisiwashwe. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha moshi, huficha mlio wa cheni, huficha betri iliyochoka. Weka mgongo wa kiganja hapa, kwenye hozi paipu ya juu ya rejeta. Ni baridi. Ingekuwa vuguvugu tungeenda zetu, tukarudi siku nyingine.

Hesabu kwanza, boneti baadaye. Video hii ni ya dereva wa taksi mtandao, msambazaji wa mzigo, mtu anayelala Kibaha na kufanya kazi Mbagala. Tuseme kilometa 180 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: kilometa 4,680. Kwa mwaka unapita 56,000. Gari linalokwenda kilometa 12 kwa lita litakunywa lita 15 kwa siku. Linalokwenda kilometa 15 litakunywa lita 12. Tofauti ni lita 78 kwa mwezi. Chukua bei ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, uzidishe. Ikiwa lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 234,000 kila mwezi, na ndani ya miezi mitano milioni moja uliyopunguziwa yadi imeshaisha. Kwa hiyo ukiambiwa gari ni rahisi, uliza kwanza ni rahisi kwa kilometa ngapi.

Kwa bajeti ya kubana, mimi huchagua giaboksi kwanza, injini ya pili, bodi mwisho. Giaboksi ninayoitaka ni oto ya kawaida ya gia nne, au ya mkono ukiipata. Ziko hizi: IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007. Probox na Succeed za kabla ya 2014. Premio na Allion za 2001 hadi 2007 zenye cc 1490. Passo za 2004 hadi 2010. Matoleo yaliyofuata ya magari hayohayo mengi yana CVT, oto ya mkanda isiyo na gia. CVT si mbovu, inabana mafuta vizuri. Ila inataka oili yake maalumu, na ikiwekwa ATF, oili ya oto ya kawaida, mkanda wa ndani unateleza na kukwanguka, halafu unaambiwa ununue boksi zima. Kwenye gari la mkononi huwezi kujua nani aliweka nini. Mwenye nafasi achukue. Anayehesabu kila shilingi aiache.

Injini, ukipata 1NZ, ile ya cc 1490, usihangaike tena. Ina cheni, haina mkanda wa kubadilisha, na spea zake Gerezani pale Kariakoo hukosi. Premio ya 1.8 yenye 1ZZ ya kabla ya 2005 nenda nayo polepole: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinaganda, injini inakula oili. Na ukifungua boneti ukakuta kava limeandikwa D-4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, funga boneti. Pampu yake ya presha na nozeli si vitu vya mtu mwenye bajeti ya kubana.

Ukiniuliza ninachokipenda mwenyewe, ni Probox. Ilitengenezwa iwe gari la kazi, tanki lita 50, nyuma inabeba. Lakini kiti cha nyuma ni chembamba, abiria wa taksi hatafurahi. Kwa abiria, IST. Walio Kenya, kumbukeni gari linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka 8, kwa hiyo IST hii mtaipata kwa mtu tu, si kutoka melini.

Haya, boneti. Dogo, leta kamera kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Kibati hiki kidogo cha bati. Sogea. Sogea zaidi, jua linapiga. Ziba kwa mkono. Sasa someni: MODEL, halafu herufi. Muuzaji ametuambia cc 1490. Hapa pameandikwa NCP60, na kwenye ENGINE pameandikwa 2NZ-FE. Subirini kidogo. NCP61 ndiyo 1490. NCP60 ni 1290. Bosi wangu, hebu tupe kadi ya gari... Kadi nayo inasema 1290. Basi gari na kadi vinakubaliana, ni maneno tu hayakukubaliana. 1290 si mbaya, injini ni ndugu wa 1NZ, ila ukiweka watu wanne, AC na mlima, utaisikia ikihema. Bei ya 1490 hatulipi. Tuendelee.

Namba ya chesisi na namba ya injini, linganisha na kadi, herufi kwa herufi. Hapo mnajua.

Kilometa. Dashibodi inasema 118,000. Usiibishie, itafute sehemu nyingine. Mpira wa pedali ya breki: kona ya kulia imelika mpaka mistari imefutika. Usukani unang'aa saa nne na saa nane. Sasa fungua mlango wa dereva, angalia hapa kwenye nguzo. Kuna stika ya Kijapani ya kubadilisha oili. Wengi wanaibandua, huyu hakuibandua. Mwaka umeandikwa 26, huo ni mwaka wa Heisei, kalenda ya Kijapani: jumlisha 1988, unapata 2014. Kilometa zilizoandikwa ni 96,400. Kama gari lilifika 96,400 mwaka 2014, 118,000 za leo ni ndogo mno. Mimi naliweka hili kwenye 200,000 na nitalipa kama la 200,000. Kwa 1NZ au 2NZ iliyotunzwa, 200,000 siyo mwisho.

Kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya maziwa, maji yameingia, ondoka. Ukikuta matope meusi mazito, oili ilikuwa haibadilishwi. Hiki kina kahawia tu, safi. Rejeta: maji ya rangi ya kutu. Hapa hakuna kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ni maji ya bomba. Andika.

Washa. Simameni nyuma, msisimame mbele. Moshi wa bluu ukitoka mara moja na kupotea ni sili za valvu. Ukiendelea ukikanyaga mafuta ni ringi. Mweupe usioisha wenye harufu tamu ni gasketi ya silinda hedi. Cheni ikilia kwa sekunde moja au mbili ni oili inapanda. Ikiendelea kukwaruza, imelegea. Hili liko sawa. Sasa angalieni taa ya bluu kwenye dashibodi, inayoonyesha injini bado ni baridi. Inatakiwa izime baada ya dakika chache. Dakika ya nne... ya sita... bado. Ya tisa ndiyo imezima. Inaelekea thermostati, valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, imetolewa. Mafundi wengi hufanya hivyo wakidhani wanazuia kuchemsha, kumbe injini inatembea baridi na inakunywa mafuta zaidi kila siku. Thermostati ni kifaa kidogo, unairudisha, lakini jiulize kwa nini ilitolewa. Pamoja na maji ya kutu, mimi nataka rejeta ioshwe na kupimwa kabla sijatoa hela.

Barabarani. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole: ikilia ka-ka-ka, CV jointi. Pita tuta, sikiliza bushi na shokapu. Fika 80, mvumo unaobadilika ukipinda kushoto na kulia ni beringi. Panda mlima, ukiwa Dar, ile ya Ubungo kwenda Kimara inatosha. Gia zibadilike bila kuruka na bila resi kupanda ovyo.

Tumerudi, giaboksi limepata moto. Hapa nitasema taratibu, kwa sababu ndipo watu wanaponunua boksi bovu. Oili ya INJINI unapima injini ikiwa IMEZIMWA. Oili ya GIABOKSI unapima injini IKIWA INAWAKA. Inawaka! Simama sehemu tambarare, hendibreki juu, mguu kwenye breki. Peleka gia P, R, N, D, 2, L, ukikaa sekunde chache kila moja, rudi P. Usizime. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena, soma upande wa HOT. Ukizima, oili inarudi chini kwenye sampo, na boksi lenye upungufu linaonekana limejaa. Narudia: usizime.

Bosi, usizime! Ameshazima. Basi tunaanza upya. Washa, P, R, N, D, 2, L, P. Sawa. Kwenye kitambaa: si nyekundu tena, ni kahawia, lakini nusa... haina harufu ya kuungua. Ingekuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua tungeishia hapa. Hii inahitaji T-IV, oili ya Toyota ya giaboksi hili. Ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye toku konveta. Weka 3 mpya, tembea kilometa elfu moja, rudia. Usikubali mtu aisukume yote kwa mashine kwenye boksi la kilometa hizi. T-IV tunayo dukani, bei iko chini ya video.

Usimalize hela yote kwenye gari. Bakisha ya oili ya injini, kopo la lita 4 (inaingia kama 3.7 ukibadilisha na filta), plagi 4, ela filta, T-IV lita 6, kulanti, thermostati, breki pedi. Na matairi: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, hapa 2319, maana yake wiki ya 23 ya 2019. Na kwa kilometa 180 kwa siku, elfu tano za oili zinaisha ndani ya siku 28 za kazi. Kila mwezi, bila kuruka.

Karatasi haraka: kadi halisi mkononi, si kopi, deni la trafiki, jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza. Uhamisho wa umiliki TRA mfanye pamoja, usiachiwe kadi yenye sahihi tupu.

Mwisho, gari limesimama dakika kumi. Dogo, lala chini, kamera huku. Maji haya safi ni ya AC, yaache. Hili tone jingine, liguse, livute katikati ya vidole. Linavutika, ni la kahawia lenye wekundu kwa mbali: oili ya giaboksi. Linatoka kwenye sili ya draivu shafti ya kushoto. Sili yenyewe ni bei ndogo, kazi ya kuibadilisha ndiyo ghali. Namwita muuzaji aje alione hili tone kwanza, ndipo tuzungumze bei.