Mdizaina, wajua pesa ya kampuni yatoka wapi?

ZUHURA: Haya karibuni tena, tuko hapa hapa Mombasa, joto ni lile lile na feni yetu yapiga kelele, mkiisikia mtusamehe. Salim, leo una nini?

SALIM: Leo nasema aibu yangu. Kuna kampuni n'lifanya kazi hapa mjini, wasambaza mchele, mafuta, unga. Mimi ndo mdizaina. Nikakaa miezi mitatu nachora apu ya mtu kuagizia nyumbani, picha zinang'ara, rangi zimetulia, hata bosi akasema mashallah.

ZUHURA: Ehe?

SALIM: Siku moja twala mahamri na yule dada wa hesabu, nikamuuliza tu, hivi pesa yetu yatoka wapi haswa? Akacheka. Karibu yote ni mahoteli ya Nyali na Diani, nao waagiza kwa WhatsApp, magunia ishirini kwa mpigo, walipa mwisho wa mwezi. Apu yangu mwisho kuagiza vitu tisa! Invoisi, ile bili ya kuwatumia mahoteli mwisho wa mwezi, hata sikuiwaza.

ZUHURA: Subhanallah. Lakini nikutetee, si bosi ndo angekwambia mapema?

SALIM: Angeniambia, ndio, ila nami sikuuliza. N'likuwa najiona fundi wa rangi, mambo ya biashara nikawaachia wavaa tai.

ZUHURA: Mi hupenda kuangalia mfano wa M-Pesa. Ilipoanza kujaribiwa 2005 wazo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, kumbe watu wakawa watumiana tu pesa wao kwa wao, basi ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja na tuma pesa nyumbani. Sasa ona, kujisajili bure, kuweka bure, wakatwa ukituma na ukitoa. Mdizaina akijua hivyo, ashajua pa kulainisha ni kule kutuma. Na kampuni yataka kila mwenye laini, hata yule wa mulika mwizi, kisimu kile cha tochi, ndo maana menyu ikakaa kwa laini yenyewe. Urembo hamna, lakini nyanya yako aijua.

SALIM: Aijua kunishinda! Siku hizi nikiingia kazi mpya nauliza nani hulipa, na mwaka huu twasaka kastoma wapya ama twawashika walioko wasitoroke? Manake hizo ni kazi mbili mbali mbali. Ukisaka wapya, wapambana na fomu ya kujisajili iwe fupi, lakini ukiwa wawashika walioko, wakaa kuchunguza kwa nini mtu aagiza mara tatu halafu ya nne haonekani. Na wakati mwengine ukishaijua hiyo strateji, yaani mpango wa kampuni wa kupata pesa, waona ni mbovu kabisa, ila angalau sasa wabishana na bosi kwa hesabu, sio "hii kijani haivutii".

ZUHURA: Hahaha, hiyo kijani! Na ile apu iliishia wapi?

SALIM: Iko. Mamangu pekee ndo huitumia, aagiza mchele kilo mbili, nampelekea mwenyewe.