Kuainisha Maada: Jaribio Kwanza, Jina Baadaye

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Mada yetu leo ni sifa za maada, mabadiliko yake na namna ya kuiainisha. Kwa kuwa hufundishwa mwanzoni kabisa mwa kemia, wengi huipitia mbiombio: maada ni kila chenye tungamo na kinachochukua nafasi, hali zake ni mango, kimiminika na gesi, elementi ni hii, kampaundi ni ile, daftari linafungwa. Fasili hizo mnazijua, sitazirudia. Nataka tushughulike na swali moja: ukipewa unga ndani ya chupa isiyo na lebo, utajuaje ni wa kundi gani? Macho hayatoshi. Kundi la kitu hujulikana kwa kukifanyia kazi: unakipima, unakipasha moto, unajaribu kukitenganisha, kisha unaangalia umebaki na nini.

Hapa mezani nina gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa. Vipimo hivi vina sababu. Atomi ya chuma ina tungamo la 56 na ya salfa 32, na uwiano wa 56 kwa 32 ni uleule wa 7 kwa 4. Ninazichanganya juu ya karatasi mpaka rangi inakuwa moja, kijivu chenye umanjano. Ukikaa viti vya nyuma utaapa kwamba ni kitu kimoja. Sogea na lenzi: punje za njano peke yake, punje nyeusi peke yake. Sasa sumaku. Nimeifunga kwa plastiki nyembamba, maana unga wa chuma ukishanasa kwenye sumaku tupu, kuutoa ni kazi ya nusu siku. Mnaona chuma kinapanda. Salfa kidogo imeng'ang'ania, lakini nikigonga mara mbili tatu inaanguka. Kila kimoja kimebaki na sifa zake, na ningeweza kuchanganya 7 kwa 4 au 7 kwa 40, isingeleta tofauti. Huu ni mchanganyiko.

Tuupashe moto. Siweki gramu zote 11. Neli ndogo ya kioo kigumu, iliyojazwa isizidi robo, inatosha. Mdomoni naweka pamba ya madini ili mvuke wa salfa usitoke ukaungua na kuwa dayoksaidi ya salfa, gesi inayokaba koo na hatari kwa mwenye pumu. Moto unaelekezwa chini kabisa ya neli. Kwanza salfa inayeyuka, kwenye nyuzi 115 hivi za Selsiasi. Mpaka hapo ni badiliko la kiumbo tu: hali imebadilika, kitu ni kilekile. Halafu linatokea doa jekundu linalong'aa. Ondoa moto papo hapo! Angalieni: mng'ao unapanda wenyewe hadi juu bila moto wowote. Joto hilo linatoka kwenye mmenyuko wenyewe, kwa sababu chuma na salfa zinapoungana zinatoa nishati nyingi kuliko iliyohitajika kuzianzisha.

Neli ikipoa kabisa, ifunge kwenye kitambaa uivunje. Haifai tena kwa kazi nyingine. Ndani tunakuta bonge la kijivu cheusi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538, salfa 115, na bonge hili, salfaidi ya chuma, karibu 1190. Si wastani wa zile mbili. Ni namba yake yenyewe, kwa sababu ni kitu kipya, kampaundi: elementi mbili zilizoungana.

Vitabu vingi husema bonge hili halivutwi na sumaku. Mtalijaribu na mara nyingine litavutwa. Huenda mizani ilikosea na chuma kikazidi. Huenda uchanganyaji haukuwa mzuri, na chuma kingine hakikukutana na salfa. Tena kuna salfaidi ya chuma yenye upungufu mdogo wa chuma, na hiyo ina usumaku wake hata kama hakuna chuma huru ndani yake. Kwa hiyo andika ulichokiona, usiandike kilichomo kitabuni, halafu tafuta jaribio la pili. Hilo ni asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Mchanganyiko wetu wa awali utatoa haidrojeni, inayowaka kwa mlio wa «pop». Bonge litatoa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Tumia kipande kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ndani ya kabati la kufyonza gesi. Gesi hii ni sumu, na ikizidi hufisha uwezo wa pua kunusa. Harufu kupotea si dalili kwamba gesi imekwisha.

Tuje kwenye mabadiliko. Kuna kanuni ambayo ningependa muiache leo: kwamba badiliko la kiumbo hurudishika na la kikemikali halirudishiki. Glasi iliyovunjika hairudi, lakini ni kioo kilekile. Upande wa pili chukueni mrututu, fuwele za buluu za salfeti ya kopa. Pima gramu 2.50 kwenye kibakuli, pasha taratibu huku ukikoroga. Mvuke unatoka, buluu inapauka, unabaki na unga mweupe. Ukipoa unapima: gramu 1.60. Pungufu ya gramu 0.90 ni maji, molekuli 5 za maji kwa kila kipimo kimoja cha salfeti, yaliyokuwa sehemu ya fuwele. Dondoshea maji, buluu inarudi pamoja na joto unalolihisi kwa kidole nje ya kibakuli. Limerudishika kirahisi, na bado ni badiliko la kikemikali, maana viungo kati ya kopa na maji vimekatika na kuundwa upya.

Wanaokosea hapa hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaowahi kuacha, wanapata 1.75 au 1.80, dawa yake ni kupasha, kupoza na kupima tena mpaka namba mbili mfululizo zilingane. Wengine huchochea moto mno, unga unaanza kuwa mweusi: hiyo ni oksaidi ya kopa, yaani kopa iliyoungana na oksijeni, salfeti yenyewe imevunjika, na jaribio halina maana tena.

Kutenganisha sitakawia, ila kuna jambo la umumunyifu, yaani kiasi cha kitu kinachoweza kuyeyuka ndani ya maji, linalowachanganya wengi. Chumvi ya kawaida huyeyuka gramu 36 hivi katika gramu 100 za maji kwenye nyuzi 20, na gramu 39 tu kwenye nyuzi 100. Ukiipoza haitakupa fuwele za maana; lazima uvukize maji, kisha uache theluthi ya mwisho ikauke yenyewe, la sivyo chumvi inarukaruka nje ya kibakuli. Naitreti ya potasiamu ni kinyume: gramu 32 kwenye nyuzi 20, zaidi ya 200 kwenye 100. Hiyo ipoze tu.

Je, kiwango cha kuchemka kisichobadilika kinathibitisha usafi? Maji safi, kwenye usawa wa bahari, hukaa nyuzi 100 mpaka tone la mwisho. Maji ya chumvi huanza juu kidogo ya hapo na kupanda kadiri maji yanavyopungua. Kwa hiyo ni ushahidi mzuri, lakini si kamili. Ethanoli ikiwa asilimia 95.6 kwa tungamo, iliyobaki ikiwa maji, huchemka kwenye nyuzi 78.2 bila kupanda wala kushuka, na mvuke wake una uwiano uleule. Keneka unavyotaka, yaani chemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika tena, hautengani. Ethanoli safi huchemka kwenye 78.4, tofauti ambayo kipimajoto cha kawaida hakiioni. Ule unga mweupe wa mrututu ndio utakaosema: utie kidogo ndani ya ethanoli hiyo, nao utageuka buluu kwa maji yaliyomo.

Nimalizie na elementi, kundi gumu kuliko yote kulithibitisha. Mwaka 1789 mkemia Mfaransa Lavoisier alichapisha orodha ya vitu 33 alivyoviita sahili, kwa kigezo kwamba hakuna aliyekuwa ameweza kuvigawanya zaidi. Ndani yake mlikuwa na oksijeni na salfa, lakini pia mwanga, joto na chokaa. Kuhusu chokaa alishuku mwenyewe kwamba ni oksaidi, ila hakuwa na njia ya kuivunja. Mwaka 1808 mkemia Mwingereza Davy alipitisha umeme kwenye chokaa yenye unyevu iliyochanganywa na oksaidi ya zebaki, akapata kalsiamu imeyeyuka ndani ya zebaki, kisha akaikeneka zebaki ikatoka. Chokaa ikahama kundi kwa sababu chombo kipya kilikuwa kimepatikana. Kigezo cha leo, idadi ya protoni katika kiini cha atomi, kilianza kupimika mwaka 1913, mwanafizikia Mwingereza Moseley alipopima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali.

Karibuni mezani, mizani na mrututu vipo tayari. Vaeni miwani kwanza.