Namba tasa, visanduku sita na delestaji

MIREILLE: Jambo yenu wote, mlio Lubumbashi na mlio mbali. Mimi ni Mireille, niko na mdogo wangu Ilunga. Mkisikia mngurumo nyuma msishangae, umeme umekatwa tangu saa nane na hiyo ni grupu, jenereta ya jirani.

ILUNGA: Acha iungurume, yaya. Hadithi yangu ya leo imezaliwa na delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu.

MIREILLE: Utaifikia. Kwanza kuna msikilizaji wa Kamalondo ameuliza swali lililonifurahisha. Amesikia kwamba kufuli za mtandaoni zinatengenezwa kwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Anauliza, daftari la namba hizo linawekwa wapi, na nani ana ufunguo wa kabati?

ILUNGA: Hakuna daftari wala kabati. Tuchukue RSA, njia ya kufunga siri, ile ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977. Iko kwenye seva nyingi hadi leo. Ufunguo wa biti 2048 unatokana na namba tasa mbili zilizozidishwa; jibu lake linaonyeshwa wazi, hizo mbili ndizo siri, na kila moja ina tarakimu 308 au 309. Za ukubwa huo ni nyingi kiasi kwamba hata dunia nzima ikigeuzwa karatasi, orodha haitaenea. Kwa hiyo programu inaokota tu. Inachukua namba yoyote kwa bahati nasibu, inahakikisha ni witiri, halafu inaipima. Ikikuta si tasa, inatupa na kuokota nyingine.

MIREILLE: Inatupa ngapi?

ILUNGA: Kwenye ukubwa huo, kwa wastani namba moja kati ya 710 ndiyo tasa. Ukishaondoa shufwa, moja kati ya 355.

MIREILLE: Nilidhani utasema milioni! 355 ni kazi ya dakika.

ILUNGA: Hata dakika haifiki, kwa sababu kuna chungio. Wewe ukipika bukari huanzi na unga wenye pumba.

MIREILLE: Mimi siku hizi nanunua ulioshachungwa, lakini endelea.

ILUNGA: OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo hizi, imebeba orodha ya namba tasa ndogo 2048. Inachukua sehemu ya orodha hiyo, inagawanya: inagawanyika kwa 3? Kwa 5? Kwa 7? Zaidi ya nane kati ya kumi za zile witiri zinaanguka hapo hapo. Zilizobaki ndizo zinapelekwa kwenye kipimo cha gharama.

MIREILLE: Kama kwenye machimbo. Wachimbaji wanachagua mawe kwa macho kwanza, halafu ndiyo wanapeleka gunia kwa mnunuzi mwenye mashine ya teneri, ile ya kupima mawe yana madini kiasi gani.

ILUNGA: Ile mashine ambayo kila mchimbaji anaapa kwamba inamwibia.

MIREILLE: Shi ndiyo swali langu hilo! Mashine ya kupima namba tasa yenyewe haidanganyi?

ILUNGA: Ya zamani inadanganyika. Chukua 561. Hiyo ni 3 mara 11 mara 17, si tasa hata kidogo. Sasa kipimo cha Fermat, mwanahesabu wa zamani, kinasema: pandisha 2 kwenye kipeo cha 560, gawanya kwa 561, na kama 561 ni tasa baki lazima iwe 1. Unafanya hesabu, baki inatoka 1. Unasema labda 2 ndiyo mbaya, unajaribu 5. Baki 1. Unajaribu 7. Baki 1. Namba yoyote isiyo na kigawo cha pamoja na 561 itakujibu hivyo hivyo. Robert Carmichael aliandika juu ya namba za aina hii mwaka 1910.

MIREILLE: Ina karati ya uchaguzi ya mtu mwingine.

ILUNGA: Na picha inafanana! Basi Miller mwaka 1976, na Rabin mwaka 1980, wakaleta mbinu nyingine. Hawasubiri jibu la mwisho, wanachungulia njiani. Shika simu yako, fungua kikokotoo. 560 ni 35 mara 16, sawa? Tunaanza na 2 kwenye kipeo cha 35. Baki, ukigawanya kwa 561, ni 263. Zidisha 263 kwa yenyewe, chukua baki: 166. Tena: 67. Tena...

MIREILLE: Ngoja. 67 mara 67 ni... 4489.

ILUNGA: Na 561 mara 8?

MIREILLE: 4488. Inabaki 1. Kwa hiyo imefaulu?

ILUNGA: Imekamatwa. Ingekuwa tasa, namba pekee ambazo ukizizidisha kwa zenyewe baki inakuwa 1 ni 1 yenyewe na 560. Sasa 67 inafanya nini pale? Haina haki ya kuwepo. Ni kama mtu amefika kwenye kilio, anajua wimbo wote wa mwisho, lakini ukimuuliza marehemu ni nani wake anataja jina la ukoo mwingine.

MIREILLE: (anacheka) Na zote zinakamatwa hivyo?

ILUNGA: Kila namba unayotumia kuuliza, kama ile 2, inaitwa shahidi. Kwa namba witiri isiyo tasa, angalau robo tatu ya mashahidi watasema ukweli. Ukichagua shahidi mmoja kwa bahati nasibu, nafasi ya kudanganywa haizidi robo. Chagua wawili, robo ya robo. Ukiita 64, umegawa kwa 4, ukarudia kugawa hivyo mara 64. Mimi ningelala usingizi.

MIREILLE: Lakini hiyo bado si uhakika kamili.

ILUNGA: Uhakika kamili upo. Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, waliutoa mwaka 2002, na ni hesabu nzuri sana. Ila ni nzito, hakuna anayetengeneza ufunguo kwa njia hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni mtu anayeita mashahidi wale wale kila siku. Mwaka 1995 François Arnault alijenga namba ya tarakimu 397 ambayo si tasa, lakini ukitumia kama shahidi namba tasa yoyote iliyo chini ya 307, inapita.

MIREILLE: Ni mwalimu anayetoa maswali ya mwaka jana. Wanafunzi wanakariri.

ILUNGA: Ndiyo hiyo. Na mwaka 2018 watafiti walipita kwenye programu mbalimbali wakakuta nyingine bado zinafanya hivyo.

MIREILLE: Haya, delestaji yako sasa.

ILUNGA: Nilikuwa na mteja mwenye maduka, Katuba, Kenya na Kampemba, komini za hapa Lubumbashi. Nikamtengenezea visanduku sita, kompyuta ndogo za bei nafuu, kila kimoja kinatuma mauzo ya siku kwenye seva. Kila kimoja, kikiwashwa mara ya kwanza, kinajitengenezea ufunguo wake. Kipimo nilikiandika vizuri, yaya. Mashahidi 64, wote wa nasibu. Nikajisifu.

MIREILLE: Najua uso huo.

ILUNGA: Nikavichomeka vyote sita kwangu nyumbani. Umeme ukakatika kabla havijamaliza. Usiku ukarudi, vikawaka kwa pamoja. Asubuhi seva inakataa kimoja: ufunguo huu tayari umesajiliwa. Nikadhani seva imechanganyikiwa.

MIREILLE: Kumbe?

ILUNGA: Kumbe visanduku hivyo havina betri ya saa. Umeme ukikatika vinasahau tarehe, vikiwaka vyote vinaamini ni tarehe ile ile, sekunde ile ile. Na mimi bahati nasibu yangu nilikuwa naianzisha na nini?

MIREILLE: Usiniambie na saa.

ILUNGA: Na saa, kwa sekunde! Mwanzo ukiwa ule ule, namba zinatoka zile zile, basi vyote vikaokota namba tasa ya kwanza ile ile. Kabla ya kuokota ya pili nilichanganya tena saa, hapo vingine vikawa vimechelewa sekunde moja, mbili. Viwili vikatoka mapacha kamili. Vinne vikawa na namba moja ya pamoja na moja tofauti.

MIREILLE: Angalau hivyo vinne vina funguo tofauti.

ILUNGA: Hivyo ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu ukiviangalia huoni kitu! Chukua mfano mdogo, 10403 na 10807, ujifanye hujui vigawo vyake. Toa ndogo kwenye kubwa: 404. Gawanya 10403 kwa 404, baki 303. Toa 303 kwenye 404, inabaki 101. Na 303 ni 101 mara tatu, basi, imeisha. 101 iko ndani ya zote mbili, unapata 103 na 107 bure. Ni ile PGCD ya shuleni, kigawo kikubwa cha pamoja, kwa njia ya Euclid. Hata kwa tarakimu 617 kompyuta inaimaliza kwa kufumba na kufumbua.

MIREILLE: Sasa hilo ni kosa la Ilunga wa Lubumbashi, au na wakubwa wanalifanya?

ILUNGA: Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za intaneti nzima, wakazifanyia PGCD hiyo hiyo. Asilimia 0.5 ya seva za TLS, zile zinazofunga mawasiliano ya mtandaoni, zikafunguka. Nyingi zilikuwa ruta na vifaa vidogo vinavyotengeneza ufunguo mara tu vinapowashwa, kabla havijakusanya nasibu yoyote. Kipimo chao hakikuwa na kosa, zilikuwa namba tasa halali kabisa. Tangu mwaka 2014 Linux, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, ina njia ya kuomba nasibu, getrandom, inayokusubirisha mpaka iwe tayari. Ningeitumia ile, nisingekuwa na hadithi.

MIREILLE: Mteja ulimwambia nini?

ILUNGA: Nilivirudisha vyote sita, nikaandika upya. Nikamwambia kulikuwa na shida ya betri.

MIREILLE: Ilunga. Si umesema havina betri?

ILUNGA: Shida ndiyo hiyo, yaya. Havina.