Kiti Kimoja, Wanunuzi Wawili: Kwa Nini Najenga Tovuti kwa Elixir

Ndugu zangu, basi la alfajiri la Dar es Salaam kwenda Mbeya limebakiza kiti kimoja. Abiria mmoja yuko Kibaha, mwingine Morogoro, na wote wamebonyeza "nunua" kwa pamoja. Seva ikiisoma orodha ya viti mara mbili kabla ya kuandika chochote, kila mmoja ataambiwa kiti ni chake, na pesa ya kila mmoja itakatwa.

Chanzo cha balaa hili ni sehemu mbili za programu kushika data moja, kila moja ikiwa na ruhusa ya kuibadilisha. Katika Elixir, lugha ya kuandikia programu ninayoitumia, data haibadilishwi. Ukipunguza kiti unapata orodha mpya, na ile ya zamani inabaki vilevile kwa yeyote anayeisoma. Hilo peke yake halimalizi ugomvi wa kiti, na anayewaambia linamaliza msimwamini. Kinachomaliza ni mchakato, yaani kipande cha programu kinachoendeshwa peke yake, chenye kumbukumbu yake. Kila basi linapewa mchakato wake, mdogo mno, unaoanza na kilobaiti chache tu za kumbukumbu, na huo ndio pekee wenye orodha ya viti vya basi hilo. Maombi yanaufikia kama ujumbe, nao unayajibu moja baada ya jingine. Wa Kibaha akitangulia hata kwa kufumba na kufumbua, wa Morogoro anaambiwa basi limejaa kabla hajalipa.

Utaratibu huu una umri. José Valim wa Brazil aliijenga Elixir juu ya mashine pepe (programu inayoendesha programu nyingine) ya Erlang, lugha iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson, Sweden, miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Walikuwa wakishughulikia mitambo ya simu, ambako maongezi yako hayapaswi kukatika eti kwa sababu simu ya mtu mwingine imepata hitilafu. Kwa hiyo mchakato ukifa, unakufa peke yake, na msimamizi wake, yaani mchakato mwingine wenye kazi ya kuulinda, anauanzisha upya. Mwaka 2012 WhatsApp, waliojenga huduma yao kwa Erlang, walieleza kwamba seva yao moja ilihimili miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja.

Phoenix, zana ya kujengea tovuti kwa Elixir iliyoasisiwa na Chris McCord, ndiyo inayotuletea nguvu hizo kwenye tovuti. Ombi la kivinjari linapita katika mlolongo wa fanksheni, yaani vipande vidogo vya programu vyenye kazi moja moja: moja inatambua mtumiaji, nyingine inakagua ruhusa, nyingine inaandaa ukurasa. Kila moja inapokea data na kurudisha data. Naipenda hasa wakati wa kupima: naipa fanksheni data, natazama jibu, basi.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoumia. Mchakato ukifa, kumbukumbu yake inakufa nao. Msimamizi anaurudisha ukiwa mtupu. Na ukiongeza seva ya pili bila kupanga, basi moja linaweza kuwa na michakato miwili. Kwa hiyo wekeni sharti ndani ya hifadhidata kwamba kiti kimoja katika safari moja hakiuzwi mara mbili. Mauzo yaandikwe huko kwanza, ndipo mteja ajibiwe.